Unga wa kuotesha mizizi wa elfu nane: kwa zabibu sijaona kazi yake

Nimeutumia wiki sita sasa, ule wa kikopo cheupe wanauza maduka ya pembejeo hapa Dodoma mjini. Mi nilichukua duka moja karibu na soko la Majengo, muuzaji akaniapia kabisa eti bila huu zabibu haishiki.

Basi nikakata vijiti 40 shambani kwa shemeji Hombolo, kila kimoja macho matatu, 20 nikachovya 20 nikaacha, vyote kwenye viriba chini ya mwembe. Vya unga vimeshika 18, visivyo na unga 17. Yaani elfu nane kwa kijiti kimoja!

Na wala sio maajabu, maana mmea ukikatwa haukai kimya. Pale kwenye kidonda seli zilizopasuka zinamwaga vitu vyao nje, za jirani zinashtuka, ndani ya dakika chache tu inatengenezwa homoni inaitwa jasmoneti (jina limetokana na asumini, kwenye mafuta yake ndo ilipatikana 1962), hiyo ndo king'ora, inaamsha ulinzi. Halafu kuna homoni nyingine, oksini, inatengenezwa huku juu kwenye macho na majani machanga inashuka chini, sasa ikifika kwenye mkato njia imeisha, inajazana pale pale na mizizi inaanzia hapo. Unga wenyewe ni oksini ya kiwandani, basi, na zabibu ya kwake inamtosha.

Ila bogonvilia ya wife ni habari nyingine, ile ngumu kushika, kumi za unga zimeshika saba, bila unga mbili tu, hapo nakiri.

Tahadhari: msipake kama unga wa chapati. Mi vijiti vyangu vya kwanza nilivigaragaza mpaka vikawa vyeupe, chini vikageuka vyeusi vikaoza vyote, kumbe homoni ikizidi inazuia hiyo hiyo mizizi. Chovya ncha tu, gonga kidogo unga uliozidi uanguke. Maelezo kwenye kopo hamna hata neno moja la Kiswahili, na langu tarehe ya mwisho ilikuwa imefutika, nimerudi kulalamika naambiwa "bosi, haiharibiki hiyo."

Nyota tatu, zote za bogonvilia. Kimebaki nusu kikopo, wa mtaa wa Kisasa mwenye maua apite achukue.