Vijitabu vya vita vya Osprey: sare nyingi, mpagazi mmoja mmoja

Mtu anayepita katikati ya jiji la Nairobi na kuinamia vitabu vya mitumba vilivyotandazwa kando ya njia, katika yale maduka yasiyo na kuta ambayo wenyeji huyaita "inama", hakosi siku moja kukutana na kijitabu chembamba chenye picha ya askari jaladani na jina la Osprey, wachapishaji wa Uingereza. Mwezi uliopita nilinunua vitatu kwa shilingi 300 kila kimoja. Vinamwahidi msomaji wa kawaida, asiye mwanajeshi wala mwanahistoria, kwamba atavielewa vita kwa kuvitazama, na ahadi hiyo ndiyo niliyotaka kuipima.

Kampuni hiyo chanzo chake ni kadi za picha za ndege za kivita zilizokuwa zikitiwa ndani ya pakiti za chai ya Brooke Bond, jina ambalo Mkenya akilisikia huwaza Kericho kabla ya kuwaza ndege yoyote, na hadi leo vitabu vyake vina tabia ya kadi: picha hutangulia, maneno yakafuata. Kila kijitabu cha mfululizo uitwao Men-at-Arms kina kurasa 48, na miongoni mwake mna picha nane za rangi zilizopewa herufi A hadi H, zikionyesha askari wachache wachache pamoja na sare, silaha na mizigo yao, huku maelezo ya kila mmoja yakiwekwa mwishoni. Mpangilio huo unachosha, kwa kuwa kidole hulazimika kubaki katikati ya kitabu na macho yako mwisho. Mfululizo wa Campaign ni mnene maradufu, hushughulikia kampeni au pigano moja, na huo ndio ulionifanya nione kwamba pesa zangu hazikupotea.

Nilichokipenda zaidi kinahusu Isandlwana, huko Afrika Kusini, ambako tarehe 22 Januari 1879 jeshi la Wazulu wapatao 20,000 liliivamia kambi ya Waingereza na kuua zaidi ya watu 1,300. Tangu shuleni nilifundishwa kwamba Wazulu walipigana kwa mtindo wa pembe za nyati, nami nikaukariri bila kuelewa ni vipi kambi yenye bunduki za Martini-Henry iliweza kuangamizwa mchana kweupe. Ramani iliyochorwa kana kwamba mtazamaji yuko juu angani ilinifumbua macho: kifua cha jeshi kinawashughulisha askari waliopangwa kwa nafasi kubwa mno mbele ya kambi, pembe ya kushoto inawazunguka upande mmoja, na ile ya kulia inapita nyuma ya mlima na kuifunga njia ya kurudi Rorke's Drift, kivuko cha Mto Buffalo. Nilikaa na kurasa hizo mbili jioni nzima, na mwanangu wa kidato cha pili, ambaye huwa hagusi kitabu cha historia bila kutishiwa mtihani, alikuja mwenyewe kuuliza mto ule uko wapi.

Kasoro inajitokeza tunapofika kwetu. Kijitabu kuhusu majeshi ya Afrika Mashariki ya 1914 hadi 1918 kinafuata utaratibu uleule wa sare, kofia na beji, na utaratibu huo unawafaa askari wa KAR (King's African Rifles), kikosi cha Waafrika chini ya Waingereza, na wale wa Wajerumani. Lakini vita vile, baada ya Waingereza kutimuliwa Tanga mwezi Novemba 1914, viligeuka kuwa mwendo mrefu katika nchi isiyo na barabara, ambako mbung'o waliwaua wanyama wa kubeba mizigo, na kila gunia la chakula likategemea kichwa cha mtu. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza ni zaidi ya 40,000 kwa hesabu rasmi peke yake, wengi wao kwa njaa, malaria na kuhara damu. Mtaa wetu wa Kariokor umebeba jina la kikosi chao, Carrier Corps. Kitabu kinachompanga mtu kwa vifungo vya koti kitampangaje aliyevaa blanketi? Sanamu ya Kenyatta Avenue, kwa maoni yangu, imefanya haki zaidi, kwa kuwa mpagazi amesimamishwa bega kwa bega na wenye bunduki.

Kiingereza cha vijitabu hivi kimejaa vifupisho vya kijeshi ambavyo havifafanuliwi, na karatasi, niseme, ni nzuri.

Anayekwenda kununua kwa wauzaji wa mitumba ahesabu picha za rangi kabla ya kulipa. Nakala yangu moja ilikuwa imenyofolewa karatasi mbili, bila shaka na mtu aliyetaka kuzitundika ukutani, na muuzaji, baada ya ubishi mfupi, alinirudishia shilingi 100.