Oveni ndogo ya Luthuli na viazi vya kujaza: inafaa ama ni hasara?

Niliahidi watu wa chama nitaandika hii kitu vizuri juu nimechoka kujibu swali moja kila wiki, ati ile oveni ya mezani ulinunua Luthuli, ile barabara ya maduka ya vitu vya stima hapa Nairobi, inafanya kazi ama ni taa tu? Inafanya. Lakini inadanganya, na usipojua inadanganya wapi utaunguza chakula cha watu halafu useme ni viazi vilikuwa vibaya.

Ni ile ya lita 30, wati 1500, vitufe vitatu mbele: cha joto, cha elementi (juu, chini ama zote) na taima ya kuzungusha inayolia ting. Kampuni sitaji, na kusema ukweli ukiingia maduka matano hapo Luthuli utaipata na majina matano. Mwenye duka alianza na 8,500, "madam hii ni original", tukabishana hadi 6,800. Usikubali kufungiwa kabla aichomeke kwa stima mbele yako na elementi zote nne ziwe nyekundu. Ya kwanza aliyonitolea moja ya chini ilikuwa imekufa kabisa na jamaa alikuwa ashashika seloteipu tayari.

Nilikuwa naitaka kwa sababu ya bebi shawa ya dadangu mdogo, wageni kama 25, nyumbani kwangu Donholm. Kila pati Nairobi hii baitingi ni zile zile, sambusa, soseji, mabawa ya kuku, hadi unaweza kujua saa ngapi zinatoka jikoni. Mimi nikataka viazi vidogo vya kubeki na maganda yake, unakata nusu, unachota nyama ya ndani na kijiko, unaiponda na vitu vitamu, unarudisha, unabeki tena. Mtu anashika na vidole viwili anamaliza kwa mara mbili na mkono ule mwingine bado uko na soda. Nikaanza majaribio wiki tatu kabla.

Jaribio la kwanza lilikuwa aibu. Kila mtu anasema viazi vidogo nyuzi 200 dakika 45 hivi, nikaweka 200, dakika 45, nikatoa mawe. Nikarudisha, ikafika saa moja na dakika kumi ndio kisu kikapita. Kuna mwenzangu kazini anaoka keki za kuuza, akaniazima kipimajoto cha kuweka ndani ya oveni. Kitufe kinasema 200, ndani ni 165! Sasa nikitaka 200 naweka 230. Na ile pembe ya nyuma upande wa kulia inachoma kuliko kwingine kote, kwa hivyo lazima ugeuze trei katikati ya safari. Sidhani ni ubovu wa hii yangu peke yake, hizi ndogo elementi ziko karibu sana na chakula halafu hakuna feni ya kuzungusha hewa, kwa hivyo juu kunaweza kuwa kumebadilika rangi na ndani bado. Nilimpigia mwenye duka hata hivyo. "Hiyo ni kawaida madam." Sawa, basi ungeniambia nikihesabu pesa.

Viazi sasa, na hapa nitakaa kidogo juu niligundua viazi vina kelele kuliko oveni. Waru, yaani viazi, nyingi unauziwa Nairobi ni za aina ya Shangi, na Shangi ni tamu, inaiva haraka, lakini ukiichemsha ikapitisha kidogo tu inapasuka na maganda yanaachana na nyama. Kwa mukimo, ambayo ni ya kupondwa, hiyo ni baraka. Kwa hii kazi ni balaa, maana ganda ndilo sahani. Mama mboga wangu wa hapo geti alinicheka nikichagua zile ndogo ndogo zinazotoshana, kama yai la kienyeji hivi, akaniambia hizo huko kwao Kinangop watu huzibakisha ziwe mbegu, nani ananunua hizo? Akanipa kilo tatu kwa bei ya kuonewa huruma. Angalia zisiwe na kijani popote juu hapa unakula na ganda, na ile rangi ya kijani inakuja na sumu yake, haiishi kwa kupikwa. Usinunue mapema pia. Shangi hailali, ukiiweka kwa kijikaratasi karibu na meko wiki moja au mbili unakuta ishachipuka inakuangalia.

Nikajaribu njia mbili. Za kubeki mbichi moja kwa moja zilitoka safi kabisa, ndani pakavu pakavu kama unga, ganda limekauka likawa gumu kidogo, unachota na kijiko cha chai halitoboki. Za kuchemsha kwanza zilikunywa maji, nusu zikapasuka, na ile nyama ukiiponda inakuwa uji. Lakini trei moja inabeba nusu 24 tu, na ukibeki mbichi ni zaidi ya saa moja kila raundi, sasa hiyo utapika kuanzia alfajiri? Nikapata katikati. Zianzie kwa maji baridi yenye chumvi, sio maji yanayochemka, ndio ndani na nje ziive pamoja. Kisu kikianza tu kuingia unamwaga maji, unaziacha kwa sufuria bila kifuniko mvuke utoke wote, unapaka mafuta kidogo, halafu dakika 25 kwa oveni zikauke ngozi. Ndio unakata. Ukichota bakisha ukuta kama nusu sentimita, ukiwa mlafi wa kuchota zitakunjika mkononi mwa mgeni.

Kujaza ni wewe na roho yako. Mimi niliponda na siagi, dhania, majani ya kitunguu, pilipili kidogo, na badala ya krimu chachu ya supamaketi ambayo bei yake ni matusi nikatumia mala (maziwa lala), nikaichuja kwa kitambaa usiku mzima kwa friji ikawa nzito. Nusu ya trei nikaongeza nyama ya kusaga niliyokaanga hadi ikakauka kabisa, ikiwa na mchuzi itailowesha ganda kazi yote iwe bure. Juu chizi (hapana, sio yule wa mtaani kwenu). Mozarela inavutika vizuri ikiwa moto, watu wanapiga picha, lakini ikipoa inakuwa kama ndala. Chukua cheda, hata ikipoa bado ina ladha.

Na kupoa ndio shida yenyewe. Kadi ilisema saa nane. Mgeni wa kwanza aliingia saa tisa na nusu, kundi lenyewe saa kumi na robo, si mnajua. Hapa ndio hii oveni ilinifurahisha kwa kweli. Nilikuwa nimejaza zote asubuhi nikafunika nikaweka kwa friji, maana kitu kina maziwa na nyama hukiachi mezani mchana mzima ukingoja watu wa foleni ya Jogoo Road. Nikisikia lifti inalia nawasha, dakika kumi imeshapata moto, dakika 12 hadi 15 trei inatoka chizi ikitokota. Oveni kubwa ingekuwa bado inajipasha. Trei tatu zilitoka hivyo, moja moja, na kila moja iliisha kabla nifike nayo kwa meza, hadi wengine wakahamia jikoni kabisa wakisingizia kusaidia.

Auntie yetu wa Nyeri alishika moja akaigeuza, akaangalia chini, akauliza, "Kwa hivyo mmetoa waru ndani ya waru, halafu mkairudisha?" Ndio auntie. "Na mlikuwa mnatafuta nini?" Alikula tano.

Ubaya wake sasa. Trei iliyokuja nayo ni nyembamba, ikipata moto inajikunja na mlio wa PAA hadi dadangu na tumbo lake akaruka, na viazi vya pembeni vikabingirika. Nunua ya alumini nzito, pima kwanza ndani ya oveni usije ukanunua isiyoingia kama mimi. Mkono wa mlango unapata moto sana. Taima ukitaka dakika tano haishiki, lazima uzungushe mpaka ipite 20 halafu uirudishe. Na tafadhali, usiichomeke kwa ekstensheni pamoja na birika la stima. Mimi nilifanya hivyo, oveni wati 1500, birika 2000, plagi ya ekstensheni ni ya ampia 13 ambayo kwa stima yetu ya volti 240 ni kama wati 3100 basi, kwa hivyo nilikuwa nimeipitisha na harufu ya plastiki ndio iliniambia. Ipe soketi yake ya ukutani.

Tokeni sio mbaya vile niliogopa. Niliangalia mita kabla na baada ya ile raundi ya kwanza ya saa moja na dakika kumi, ilikula kama uniti 1.2, maana ikishapata moto inajizima na kujiwasha.

Kama wewe unataka kuoka mikate ama keki za oda achana nayo, ile pembe itakuliza. Kwa baitingi, kupasha sambusa, kuku nusu wa wikendi, mimi naipa saba kwa kumi, ingekuwa nane kama ingesema ukweli kuhusu joto.

Dadangu alijifungua Jumanne iliyopita, kijana, wako salama wote wawili, na ashaanza kunitumia meseji anaomba hiyo oveni ya kukaa nayo "wiki moja tu." Nimemwambia nitaileta, lakini trei nzito inabaki kwangu.