Msaada wa kisheria Mwanjelwa, Mbeya: huduma kwa anayetaka kubatilisha ndoa ya udanganyifu

Ofisi ninayoieleza iko ghorofani, jirani na soko la Mwanjelwa, na inahudumiwa na wasaidizi wa kisheria wakiwa na wakili anayefika kwa siku maalumu. Jina lake silitaji, kwa kuwa shauri tulilolipeleka bado liko mahakamani na ndugu yangu hapendi kutambulika. Nilimsindikiza yeye, binti wa mama mdogo, ambaye alifunga ndoa ya bomani na mwanamume aliyejitambulisha kuwa hajaoa, kumbe ana mke wa ndoa ya kanisani huko Njombe ambayo haijawahi kuvunjwa.

Tulifika tukiwa na neno moja tu mdomoni: tumetapeliwa. Ndugu yangu alikuwa ameorodhesha kila uongo alioambiwa, kuanzia mshahara na kiwanja cha Uyole hadi umri wa bwana huyo, na alitaka yote yaingie kwenye maombi. Mama aliyetupokea, ambaye ni msaidizi wa kisheria, alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, kisha akaomba cheti cha ndoa. Alikiweka mezani sambamba na nakala ya kumbukumbu ya ndoa tuliyoipata kanisani, akashusha kidole hadi pale panapoonyesha hali ya bwana harusi kabla ya ndoa, palipoandikwa kwamba hajaoa, akasema, "Mwanangu, haya mengine yaache kwanza. Kesi yako iko hapa."

Hilo ndilo linalonifanya niisifu ofisi hii. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 16, inasema kwamba ridhaa iliyotolewa kwa kushawishiwa na udanganyifu haihesabiki kuwa ridhaa ya hiari, na kifungu cha 38 kinaiweka ndoa isiyo na ridhaa ya hiari miongoni mwa ndoa batili. Njia ya udanganyifu ipo basi, ila inamtaka mwombaji athibitishe kwamba alidanganywa na kwamba uongo huo ndio uliomfanya akubali, na hapo wakili wa upande wa pili ana nafasi kubwa ya kumhoji shahidi mpaka achanganyikiwe. Kifungu cha 15, kwa upande wake, kinamkataza mwanamume aliye katika ndoa ya mke mmoja kufunga ndoa nyingine yoyote, iwe ya kimila au ya serikali, na ndoa ya kanisani ni ya mke mmoja. Anayesimama juu ya kifungu hicho hahitaji kuingia moyoni mwa mtu. Karatasi mbili zenye tarehe zinatosha kuanzia. Wakili alipokuja aliyapanga maombi yetu upya: ndoa ya awali ikatangulia, udanganyifu ukafuata kama hoja ya pili, na habari za mshahara zikaondolewa kabisa, kwa maelezo kwamba mchumba kujikweza ni tabia mbaya ambayo hakimu hataibatilishia ndoa.

Jambo jingine walilotuokoa nalo ni safari ya bure. Wazee wa ukoo walishikilia kwamba ni lazima kuanza Baraza la Usuluhishi la kata, kama wafanyavyo wote. Wakili alionyesha kwamba sharti la kupitia baraza, lililo katika kifungu cha 101, linahusu maombi ya talaka, na sisi hatukuwa tukiomba talaka. Pia alijibu swali lililomsumbua shangazi, la kwa nini tuhangaike na mahakama ikiwa ndoa ni batili tangu mwanzo: cheti kimo kwenye daftari la serikali, na bila amri ya mahakama ndugu yangu ataendelea kuonekana mke wa mtu. (Tangazo la nia ya kufunga ndoa la siku 21 lilibandikwa kweli, lakini lilibandikwa Mbeya, na mwenye kuweza kuleta pingamizi alikuwa Njombe. Sijui nani angelisoma.)

Upungufu upo, na wa kwanza ni mali. Ndugu yangu alichangia fedha nyingi katika ujenzi, na kwa hilo tulipewa maelezo ya haraka mno: kwamba kifungu cha 114 kinachohusu mgawanyo wa mali kinazungumzia talaka na kutengana, hivyo atunze risiti zake na ajiandae kudai kwa njia nyingine. Njia ipi, hatukuambiwa hadi tuliporudi kuuliza tena, na hata hapo jibu lilikuwa la juu juu. Kwa mwanamke aliyekwishamwaga akiba yake kwenye tofali na bati, hilo si swali la pembeni.

La pili ni faragha. Meza zimebanana, foleni inasubiri humo humo ndani, na ndugu yangu alilazimika kueleza mambo ya chumbani huku watu wa mgogoro wa shamba wakiwa wamenyamaza kumsikiliza.

Ushauri na uandishi wa nyaraka havikutozwa chochote, kama Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inavyotaka. Gharama zetu zilikuwa nakala, nauli na ada za mahakama. Ieleweke pia kwamba msaidizi wa kisheria hasimami mahakamani kwa niaba ya mteja, kwa hiyo ni vyema kuuliza mapema siku za wakili, maana ratiba iliyobandikwa mlangoni haifuatwi sana. Anayekwenda abebe cheti halisi cha ndoa na nakala yoyote inayohusu ndoa ya awali, na aombe chumba cha ndani mara tu anapofika. Kipo, ila hawampi asiyekiomba.