Uzoefu wangu wa Redis baina ya Unguja na Wesha: ufunguo unapokufa mapema upande mmoja

Huu ni mwaka wa tatu natumia Redis, programu ya kuhifadhi data kwenye kumbukumbu ya kompyuta, kwa kazi moja: kushikilia nafasi za mashua ya kwenda kisiwa cha Misali. Mashua ina nafasi 12 na inang'oa nanga Wesha, Pemba, asubuhi. Mteja akichagua nafasi, programu yangu inaandika ndani ya Redis ufunguo (rekodi ya nafasi hiyo na jina lake) wenye umri wa sekunde 600. Akilipa kwa simu ndani ya dakika hizo 10, nafasi ni yake. Asipolipa, ufunguo unakufa wenyewe na nafasi inarudi sokoni, bila ya mimi kuandika hata mstari mmoja wa kusafisha. Kwa hilo peke yake Redis imenipunguzia kazi kubwa, na ndiyo maana sijaiacha.

Seva kuu ipo kwangu Unguja. Nakala yake ipo Wesha, kwenye kompyuta ya binamu yangu anayekatisha tiketi, ili aone nafasi haraka hata siku ambazo mtandao wa baina ya visiwa unakwenda kwa kusuasua. Mwaka wa kwanza na nusu ya mwaka wa pili, kwa toleo la 6, sikuwa na la kulalamika. Nikapanda toleo la 7. Wiki ya pili nikapigiwa simu saa moja asubuhi na nahodha mwenyewe.

"Mwanangu, hapa wamesimama watu 13 na wote wana risiti. Mimi chombo changu hakipakii 13."

Aliyebaki nchi kavu alikuwa bibi mmoja kutoka Wete aliyekuja na wajukuu zake watatu. Watoto walikataa kupanda bila yake, kwa hiyo familia nzima ikarudi. Fedha zao tuliwarejeshea siku ileile, lakini safari ile ilikuwa imeshakufa, na mimi nilikuwa najua kwamba kosa limo ndani ya kitu nilichokitengeneza.

Jioni nikamwomba binamu abaki ofisini. Nikaandika ufunguo wa majaribio, kisha tukauliza sekunde za umri wake zilizobaki kwa amri ya TTL, mimi Unguja, yeye Wesha, simu zikiwa masikioni. Kwangu: 590. Kwake: 155. Nikamwambia asubiri kidogo, kisha aulize tena. Kwangu ikaja 412. Kwake ikaja -2, yaani ufunguo huo haupo kabisa. Lakini alipoandika DBSIZE, amri ya kuhesabu funguo zote, hesabu ilikuwa haijapungua. Ufunguo uliodaiwa haupo ulikuwa bado umekaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta yake.

"Kaka, hebu niambie," akauliza, "upo au haupo?"

Majibu yote mawili ni sahihi, na hapa ndipo panapotaka kueleweka. Katika Redis, nakala haina ruhusa ya kufuta ufunguo uliokwisha muda. Anayefuta ni seva kuu: ama mtu anapougusa ufunguo ikaona umeshakufa, ama katika mzunguko wake wa kila mara, ambao kwa kawaida unapita mara 10 kwa sekunde ukichota funguo chache chache zenye muda na kuziangalia. Ikishafuta, inatuma amri ya DEL, yaani "futa", kwa nakala zote. Mwamuzi ni mmoja, ili daftari zisitofautiane. Nakala inachoruhusiwa, tangu toleo la 3.2, ni kutazama saa yake yenyewe na kumjibu anayesoma kwamba ufunguo haupo. Ni sawa na karani anayekwambia nafasi imekwisha muda, lakini kalamu ya kukata jina daftarini hana mpaka ofisi kuu imwambie.

Saa yake yenyewe. Nikamwomba binamu aandike date, amri inayoonesha saa ya kompyuta. Kompyuta ya Wesha ilikuwa mbele kwa dakika 7 na sekunde 15. Hakuna aliyewahi kuilinganisha na saa za mtandaoni tangu tulipoifunga, na saa ya kompyuta ikikimbia mbele sekunde mbili kwa siku, baada ya miezi saba au minane unafika hapo.

Basi kwa nini toleo la 6 halikunisumbua? Kwa sababu zamani seva kuu ilikuwa inaipelekea nakala maneno yaleyale: "ufunguo huu, sekunde 600." Nakala ikaanza kuhesabu kuanzia pale amri ilipoifikia, kwa saa yake, na saa iliyo mbele haikudhuru. Utaratibu huo ulikuwa na ila yake: amri ikichelewa njiani dakika nne, ufunguo upande wa nakala unaishi dakika nne za ziada. Toleo la 7.0, la mwaka 2022, likaliondoa hilo kwa kutuma wakati kamili wa kufa, kwa milisekunde. Naona ni uamuzi mzuri. Ila sasa saa za kompyuta zote mbili lazima zikubaliane, na zisipokubaliana mimi sikuona onyo lolote popote.

Saa ilikuwa nusu ya tatizo. Nusu nyingine ilikuwa programu yangu: ilisoma kwenye nakala kama nafasi ni tupu, kisha ikaenda kuandika kwenye seva kuu kwa SET ya kawaida, ambayo inafuta thamani iliyopo na kuweka mpya. Bibi wa Wete alikuwa bado analipa, na juu ya jina lake likaandikwa jina la mtu mwingine. Sasa naandika kwa SET yenye NX, ambayo seva kuu inaikataa kama ufunguo upo. Nakala inaonesha tu. Hata ikikosea, mteja ataambiwa nafasi imechukuliwa, wala hapewi risiti. Na kompyuta ya Wesha nimeiwekea chrony, programu inayorekebisha saa kila wakati.

Mwezi uliopita mtandao ulikatika kwa muda wa karibu saa mbili. Wesha iliendelea kuonesha vizuri nafasi zilizokwisha muda, kwa saa yake ambayo sasa ni ya kweli. Mauzo ndiyo yalisimama, kwa sababu seva kuu haikufikika. Hilo binamu alilalamika, nami nilimwambia sibadilishi. Mtandao uliporudi zikaja DEL zote kwa mpigo na kumbukumbu ikashuka.

Kwa mwenye kazi kama yangu, Redis naipendekeza bila wasiwasi, toleo la 7 kwenda juu. Kabla ya kupandisha toleo, andika date kwenye kila kompyuta.

Yule bibi tulimpigia simu tukamwalika bure pamoja na wajukuu. Walikwenda Misali Jumamosi iliyofuata, na nahodha aliwahesabu mwenyewe kabla ya kupandisha tanga.