Mama aliambiwa hajui kusoma: uzoefu wangu na duka la miwani baada ya kiharusi

Mama yangu amefundisha darasa la kwanza miaka 31. Mtaani kwetu Ngamiani kuna watu wazima wenye wajukuu walioshikishwa kalamu na yeye. Huyo ndiye aliyeambiwa mbele ya wateja, "Bibi, kumbe hujui kusoma, si ungesema mapema."

Naanza na hilo kwa sababu mengine yote ningeyasamehe.

Duka silitaji jina. Liko hapa Tanga mjini, la vioo na kiyoyozi. Tulikwenda mwaka jana, siku chache baada ya Idi kama sikosei, mama akiwa ametoka hospitali wiki tatu hivi. Kiharusi kilimpiga nyuma ya ubongo, upande wa kulia. Mkono na mguu vilirudi upesi, ulimi haukuguswa, kila aliyekuja kumjulia hali akasema Alhamdulillahi, imepita mbali. Kilichobaki ni macho. Mama anakula wali wa upande wa kulia wa sahani, kisha anauliza mbona leo hakuna samaki, na samaki yupo palepale, kushoto. Bega la kushoto linagonga fremu ya mlango, kwenye nyumba aliyokaa tangu mimi sijazaliwa. Mtu akimjia upande huo anashtuka. Siku moja alituambia kuna paka amekaa pembeni yake, kushoto, na paka hakuna. Shangazi akaanza maneno ya mganga. Sisi wengine tukasema macho yamechoka, twende akapimwe, apate miwani mpya.

Dada wa pale hakuamkia. Aliuliza tu, "Nani anapima?" Nikameza. Akamkalisha mama mbele ya ubao wa herufi. Ile E kubwa ya juu akaitaja vizuri. Mstari wa pili una F na P. Mama akasema P. Wa tatu una T, O, Z, akasema Z. Wa nne L, P, E, D. Akasema E, D. Alisoma kwa ile sauti yake ya darasani, bila wasiwasi wowote, maana kwake mstari ulikuwa umeanzia hapo. Dada akapaza sauti kana kwamba anasema na kiziwi: "Bibi, anzia mwanzo!" Mama akamjibu, "Nimeanzia mwanzo, mwanangu." Wakarudia mara tatu. Ndipo likatoka lile neno, na mtu mmoja kwenye benchi akacheka.

Mama hakusema kitu. Alishika pindo la kanga yake akawa analikunja na kulikunjua, akalikunja tena, mpaka tulipotoka. Mimi nimemwona mama huyu akinyamazisha watoto 70 kwa kugonga meza mara moja. Nilimwambia yule dada waziwazi kwamba mgonjwa wangu ametoka kwenye kiharusi. Akanijibu kwamba kiharusi ni mambo ya hospitali, hapa wanapima macho.

Tulitoka na miwani ya shilingi 280,000. Nisiseme uongo, miwani yenyewe ni nzuri. Ni nyepesi, haimwachii alama puani, na maandishi madogo ya kwenye dawa anayaona. Wiki ile ya kwanza nilikuwa tayari kuwasifu kwa kazi na kuwalaumu kwa ulimi tu. Lakini sahani ilibaki nusu. Na kwa kuwa alikuwa na miwani mpya, sisi wanawe tulijiona tumemaliza, tukamwachia avuke barabara peke yake kwenda kwa jirani. Bodaboda ikatokea kushoto. Aliisikia, anasema, ila hakuiona. Yule kijana alikata usukani kwa uwezo wa Mungu, ikamkwaruza mkono. Nikiukumbuka ule mkwaruzo, yale maneno mazuri ya miwani nayarudisha yote.

Nikarudi dukani na risiti, na mama nikaenda naye. Mzee wa kaunta akasema bidhaa ikishauzwa hairudi. Sauti yangu ilikuwa imeshapanda pale kijana mmoja alipotoka chumba cha nyuma. Kitu cha kwanza: "Shikamoo mama." Cha pili, akavuta kigoda akakaa mbele yake, magoti kwa magoti. Akamwambia, "Mama, angalia pua yangu, usihamishe macho. Ukiona kidole kinacheza, niambie." Kidole kikaja kutoka kulia, mama akakisema mara moja. Kikaja kutoka kushoto, polepole, kikachezacheza, kikasogea, kikasogea, na mama ametulia anaangalia pua. Kilipofika karibu na pua ndipo akasema, "Hicho." Akamfumba jicho moja, kisha la pili. Ikawa vilevile kwa macho yote mawili.

Hazikuzidi dakika mbili, na hakuwasha mashine yoyote.

Akatueleza kwamba macho ya mama hayana kosa kubwa. Picha inaingia, lakini sehemu ya nyuma ya ubongo inayoipokea ndiyo iliyoumia, na upande wa kulia wa ubongo ndio unaopokea vitu vya kushoto, vya macho yote mawili. Kwa hiyo lenzi haiwezi kuurudisha upande huo, hata ungenunua ya milioni. Anayeona vitu viwiliviwili baada ya kiharusi ni mwingine: huyo akifumba jicho moja kwa kawaida vinakuwa kimoja, na kwake yeye kuna lenzi maalumu zinazoweza kusaidia. Yule paka naye akamweleza: ubongo ukikosa picha upande mmoja wakati mwingine hujichorea wenyewe, wala si wazimu wala jini. Mama akavuta pumzi ndefu. Kumbe alikuwa anaogopa na hakutuambia.

Akatutaka turudi hospitali apimwe upeo wa kuona kwa mashine, na daktari wake wa kiharusi aelezwe. Kisha akamfundisha kugeuza shingo. Asingoje vitu vya kushoto vimfuate, avifuate yeye: mlangoni, mezani, barabarani zaidi. Kwenye gazeti akatuambia tuweke utepe mwekundu ukingo wa kushoto, na mama asianze kusoma mstari mpaka macho yaugonge wekundu. Hapo mama akauliza kuhusu Msahafu. Kiarabu kinakwenda kulia kwenda kushoto, kwa hiyo yeye mwanzo wa mstari anauona, ila maneno yanayofuata ndiyo yanayoingia gizani, anakatikia katikati ya aya. Kijana alifikiri kidogo, akasema hapo utepe ni wa mwisho wa mstari: asisimame mpaka aufikie. Tulitumia kadi nyekundu, tunaiegemeza pembeni ya ukurasa.

Wiki ile ile samaki alianza kuliwa.

Sasa niwape alama ngapi? Kwa kijana yule ningewapa zote. Lakini mzee wa kaunta alisikia kila neno, akajua wametuuzia kisichotibu tatizo letu, na hakurudisha hata senti. Hata samahani kwa mama hakutoa. Na yule dada ndiye anayekaa pale mbele kila siku. Wangapi wameshakalishwa kwenye kile kiti baada ya kiharusi, wakasoma nusu mstari, wakaitwa wabishi au wajinga, wakarudi nyumbani na miwani na kuvuka barabara? Kukosa ujuzi naelewa. Mtu anapokwambia kiharusi, ukamwona anaacha herufi za upande uleule mstari baada ya mstari, ukachagua kumtukana, hapana. Msiende.

Mama anataka kwenda. Anasema skrubu ya mkono wa miwani imelegea, lakini najua anataka yule kijana amsikie akisoma Yasin mpaka mwisho. Nimempigia simu kuuliza zamu yake. Tunakwenda Jumatano mchana, na tukimkuta dada peke yake mbele, tunageuza bajaji.