Shine a Light: Rolling Stones kwa umbali wa hatua mbili

Anayetaka historia ya Rolling Stones, bendi ya roki ya Uingereza, atafute filamu nyingine. Hii ya Martin Scorsese, ya dakika 122, haielezi bendi ilianzaje mwaka 1962, na mkasa wa Altamont, tamasha lao la 1969 ambamo shabiki aliuawa, haumo kabisa. Iliyomo ni shoo: Beacon Theatre, New York, Oktoba 29 na Novemba 1, 2006, wazee wanne wakiwa kazini na kamera zikiwa puani mwao.

Uchaguzi wa ukumbi ndio ulioamua kila kitu. Februari mwaka huohuo bendi ilipiga kwenye ufukwe wa Copacabana, Rio de Janeiro, mbele ya umati uliokadiriwa kuzidi watu milioni moja. Beacon haifikishi viti 3,000. Ufukweni unamwona mwimbaji Mick Jagger kama kidoti kinachorukaruka. Beacon unaona mshipa wa shingo. Kwa filamu ya muziki, mshipa wa shingo una thamani kuliko milioni ya watu.

Dakika kumi za mwanzo ni kichekesho. Scorsese anahangaika kupata orodha ya nyimbo, Jagger anaificha, fundi wa taa anaonya kwamba Mick akiganda mbele ya taa fulani ataungua. Kuna chumvi ndani yake, lakini tatizo lenyewe ni la kweli. Mkanda wa milimita 35 unakwenda futi 90 kwa dakika. Kasha kubwa la futi 1,000 linaisha baada ya dakika 11 hivi, na dogo la futi 400 halifikishi hata dakika tano. Mwenye kamera zaidi ya dazeni asipojua wimbo unaofuata, hajui ni ipi ibadilishiwe mkanda sasa na ipi isubiri. Na mkanda ukikata katikati ya solo, solo hiyo imekwenda. Orodha inamfikia sekunde za mwisho, na hapohapo gitaa la "Jumpin' Jack Flash" linalia.

Mkuu wa kamera alikuwa Robert Richardson, na chini yake walikuwamo kina John Toll, Emmanuel Lubezki na Robert Elswit, watu ambao kwa kawaida kila mmoja hukabidhiwa filamu nzima peke yake. Faida yake inaonekana kwenye mikono. Mtazame mpiga drams Charlie Watts. Fimbo ya kushoto ameishika kwa mtindo wa wapiga jazi, kiganja kikiangalia juu. Mkono wa kulia unapiga haihati (matoazi mawili yanayobanwa kwa mguu), ila kila kushoto kunapogonga snea (ngoma ndogo yenye mlio mkali), kulia kunainuka na kuiacha haihati kimya. Ndiyo maana snea ya Stones inasikika peke yake, kavu, kama mlango uliobamizwa. Wapiga drams wengi wanaokopi nyimbo hizi hugonga vyote viwili kwa pamoja, kisha wanashangaa mbona havifanani. Wimbo mmoja ulipoisha Charlie anaigeukia kamera na kushusha pumzi. Alikuwa na miaka 65.

Kwa Keith Richards angalia shingo ya gitaa. Kwenye zile Telecaster, gitaa za umeme za Fender, anazopigia "Brown Sugar" na "Start Me Up" uzi mzito wa sita haupo. Zimebaki nyuzi tano, zimefungwa sol, re, sol, si, re, kwa hiyo hata asipobana kitu gitaa tayari linatoa sol kamili. Analaza kidole kimoja kukata nyuzi zote, vingine viwili vinaongeza na kutoa nota, basi. Ukijaribu kwa nyuzi sita za kawaida nota utazipata, lakini ule mlio wa kengele hautaupata. Na msikilizaji aliyezoea muziki wa dansi, mwenye kutafuta nani ana solo na nani ana ridhim, hapa atachanganyikiwa kidogo: Keith na Ron Wood wanapokezana kazi hizo ndani ya ubeti uleule, wakati mwingine ndani ya mstari mmoja.

Fundi Bob Clearmountain alichanganya sauti kwa kufuata picha. Kamera ikimwendea Ron, gitaa la Ron linapanda. Ikihamia kwa mwingine, linashuka. Wenye masikio ya studio hulalamika kwamba mchanganyiko hautulii. Kwenye spika za 5.1, zile zinazomzunguka msikilizaji, ni raha tupu, unafundishwa usikilize nini. Kwenye spika za televisheni peke yake besi ya Darryl Jones inayeyuka na mchezo wote unaonekana kama kosa la fundi.

Wageni ni watatu. Jack White kwenye "Loving Cup" anatabasamu kama mtoto wa sikukuu. Christina Aguilera kwenye "Live with Me" ana sauti ya kutosha kuezua paa, ila anashindana na wimbo badala ya kuuimba. Mwenye shoo ni mpiga gitaa wa blues Buddy Guy, miaka 70, kwenye "Champagne & Reefer" ya Muddy Waters. Jagger anashika harmonika, kamera inagandishwa usoni kwa Guy na haina haraka ya kuondoka. Wimbo ukiisha Keith anavua gitaa lake na kumpa. Kipande hicho pekee kinalipa bei ya diski.

Kasoro zipo. "Connection", ambayo Keith anaiimba mwenyewe, imekatwakatwa kwa mahojiano ya zamani. Mahojiano hayo yana mahali pake: lile la Jagger kijana anayeulizwa kama anajiona akifanya kazi hii akiwa na miaka 60, naye anajibu bila wasiwasi kwamba ndiyo, linachekesha kwa sababu tumetoka kumwona ana 63. Lakini kukatiza wimbo ni kumnyang'anya mtu sahani anakula. "Gimme Shelter" nayo haimo, na hili ni la ajabu kwa mkurugenzi aliyeutia wimbo huo katika *Goodfellas*, *Casino* na *The Departed*.

Kabla ya kuiwasha, ingia kwenye mipangilio ya televisheni uzime kile kinacholainisha mwendo wa picha. Filamu ni ya picha 24 kwa sekunde. Ikilainishwa, Jagger anaonekana kama yuko kwenye tamthilia ya mchana. Zima pia sauti ya usiku, ile inayosawazisha kubwa na ndogo, maana itaua kupanda na kushuka kote kwa Clearmountain. Kwa simu, usijisumbue.

Ukinunua muziki wake, chukua toleo la CD mbili: "Connection" imo nzima, pamoja na "Paint It Black" na "I'm Free" ambazo hazimo kwenye shoo ya filamu. Na usizime majina yanapoanza kupanda baada ya mwezi wa Manhattan kugeuka ulimi, nembo ya bendi. Wimbo uliobeba jina la filamu unapigwa hapo.