Kituo cha uandishi chuoni: peleka rasimu mapema

Katika vyuo vidogo vya sanaa huria nchini Marekani, yaani vyuo vya elimu pana isiyofunga mtu kwenye fani moja, vile ambavyo profesa anakujua kwa jina na insha haziishi, huduma ya bure inayowafaa wanafunzi kuliko zote ni kituo cha uandishi, mahali unapokaa na mshauri mkaipitia rasimu ya insha yako. Kikao kwa kawaida ni kati ya dakika 30 na 60. Mara nyingi mshauri huyo ni mwanafunzi mwenzako aliyefunzwa kazi hiyo. Kwa kuwa yeye hatoi maksi, unaweza kumwonyesha rasimu mbovu bila hofu, na hapo ndipo uzuri wa kituo ulipo.

Wanaotoka wamenuna ni wale waliokwenda kusahihishiwa tahajia. Mshauri hashiki kalamu. Akikuandikia, insha si yako tena, na anayebanwa na kanuni za uaminifu wa kitaaluma ni wewe.

Kazi yenyewe huenda hivi: unasoma insha kwa sauti. Pale ulimi unapokwama, sentensi imepinda. Kisha pembeni mwa kila aya unaandika kwa maneno machache aya hiyo inafanya nini. Aya ya pili na ya tano zikisema jambo lilelile, ziunganishe. Hoja kuu ikijitokeza aya ya mwisho, nayo hutokea sana kwa sababu mtu hugundua anachotaka kusema akiwa anamalizia, ipandishe juu na uzipange upya aya zinazofuata.

Dakika 45 zinatosha kurasa nne au tano. Ukiwa na kurasa 15, chagua sehemu inayokusumbua. Beba maelekezo ya profesa, maana insha safi isiyojibu swali haipati maksi. Weka miadi siku mbili tatu kabla ya kukabidhi. Ukiambiwa muundo haukai sawa saa tatu kabla, huna la kufanya.

Udhaifu upo. Mshauri anayesoma historia hatajua kama umetafsiri vizuri matokeo ya maabara. Hilo mpelekee profesa katika saa zake za ofisini. Karibu na mitihani nafasi hujaa upesi. Na kama Kiingereza ni lugha yako ya pili, liseme mwanzoni kabisa na uombe mshughulikie kosa moja linalojirudia, tuseme nyakati za vitenzi: rekebisheni pamoja mifano miwili, iliyobaki uitafute mwenyewe.